Vena Zinazoonekana Juu ya Ngozi: Zatuambia Nini?

Mwanafunzi akitazama upande wa ndani wa mkono wake, ataona mistari ya buluu au kijani. Katika ngozi nyeusi sana huenda akaona matuta tu. Hizo ni vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Damu iliyomo si ya buluu. Ni nyekundu iliyokolea, kwa kuwa imekwisha kutoa sehemu ya oksijeni yake. Rangi tuionayo hutokana na jinsi mwanga unavyopenya ngozi na kurudi. Kwa watu wembamba, wazee na wafanyao kazi za nguvu, vena kuonekana si ugonjwa.

Jaribio

Mwaka 1628 tabibu Mwingereza, William Harvey, alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba damu huzunguka mwilini. Mojawapo ya hoja zake yaweza kurudiwa darasani.

Mfunge mwenzako kitambaa juu ya kiwiko bila kukaza mno, kwa muda usiozidi dakika 1. (Mwenye ugonjwa wa selimundu asifungwe.) Vena zitatuna na kuonyesha vinundu. Ibonyeze vena moja kwa kidole, upande wa kiganja. Kwa kidole cha pili, isukume damu kuelekea kiwiko mpaka ipite kinundu, kisha ukiinue kidole hicho. Sehemu ya kati itabaki tupu. Sasa inua kidole cha kwanza: vena itajaa mara moja kutoka upande wa kiganja. Vinundu hivyo ni mahali penye vali, milango midogo inayoruhusu damu kwenda upande mmoja tu.

Vali zinapolegea

Damu ya miguuni hupanda kinyume cha nguvu ya uvutano. Misuli ya shavu la mguu huikamua kwenda juu, na vali huizuia isirudi. Mwalimu asimamaye ubaoni kutwa, au mama mjamzito, huweza kupata vena zilizotanuka na kujipinda kama mizizi. Zikipuuzwa, zaweza kuleta uvimbe na hata kidonda kisichopona karibu na kifundo cha mguu. Kutembea, na kuinua miguu wakati wa kupumzika, husaidia.

Dalili za kumwona daktari

1. Vena zilizotuna juu ya tumbo lililovimba. Huenda ini limedhurika, kwa mfano kwa kichocho cha tumbo.

2. Vena za shingo zilizotuna mtu akiwa ameketi wima, huku anahema na miguu imevimba. Huenda moyo umedhoofika.

3. Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye maumivu na joto. Huenda damu imeganda katika vena ya ndani. Mguu huo usichuliwe kamwe: pande la damu laweza kung'oka na kuziba mshipa wa mapafu. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hivyo vena ya kuogopwa zaidi ni ile isiyoonekana kabisa.

Maswali

1. Kwa nini vena iliyokamuliwa haikujazwa na damu kutoka upande wa kiwiko?

2. Kwa nini kusimama tuli huchosha miguu kuliko kutembea?