*DARSA YA RAMADHANI – SIKU YA 12: Nionyesheni Soko Lilipo*



Ndugu zangu, mama zangu na dada zangu wa msikiti wetu hapa Columbus, alhamdulillah tumefika siku ya 12. Leo tuzungumze kuhusu ndugu zetu waliofika nchi hii kama wakimbizi, na haki yao juu yetu sisi tuliotangulia kufika. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si vizuri kuwafundisha watu jambo ambalo uliwahi kulishindwa huku ukikaa kimya.

*Bahasha*

Ramadhani ya mwaka 2019, usiku mmoja kabla ya tarawehe, mama mmoja alinisimamisha pale kwenye viatu. Alikuwa amefika Marekani mwaka uliotangulia na watoto wake wanne. Mkononi ana bahasha. Akasema, "Maalim, naomba unisomee barua hii." Nikamjibu, "Baada ya tarawehe mama, inshaallah."

Tarawehe ikaisha, watu wakanizunguka na maswali yao, nikatokea mlango mwingine nikaenda kulala. Sikumkumbuka tena. Na yeye hakurudi kuuliza, kwa sababu mtu mwenye haya haombi mara mbili.

Kumbe barua ile ilimtaka ajaze fomu upya kabla ya tarehe fulani, ili kadi yake ya chakula iendelee. Tarehe ikapita. Akaenda dukani, kadi ikakataa, na nyuma yake foleni imesimama. Sisi tulikuja kujua karibu wiki mbili baadaye, na si kwa yeye kulalamika. Mwanawe wa miaka 9 alionekana akifunga sambusa kwenye karatasi baada ya futari ya msikitini. Mmoja wetu akamtania, "We kijana, hujashiba tu?" Mtoto akajibu, "Nataka za daku. Nyumbani hakuna."

Jamani, barua ile ilikuwa ya kusoma kwa dakika tano. Usiku ule nilisali rakaa zangu zote na khushui yangu, na dakika tano za mama wa watoto wanne sikuwa nazo. Tangu hapo kila Ramadhani nikisimama kwenye safu naikumbuka ile bahasha.

*Walivyopokelewa Muhajirina*

Tunapozungumzia kupokea wageni, sisi Waislamu hatuhitaji kwenda mbali. Mwaka 622 Mtume (s.a.w.) na masahaba zake walifika Madina wakiwa wameacha nyumba na mali Makka. Kwa lugha ya leo, walikuwa wakimbizi. Mtume akawaunganisha udugu: Muhajiri mmoja na Ansari mmoja. Wageni hawakuachwa kuwa mzigo wa "jamii", ambayo kila mtu hudhani ni mtu mwingine. Kila mgeni alikuwa na mtu wake anayemjua kwa jina.

Tuangalie mambo manne katika kisa hicho.

*La kwanza:* Sa'd bin Rabi', Ansari tajiri, aliunganishwa na Abdurrahman bin Auf. Sa'd akamwambia yuko tayari kugawana naye nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka, kisha akaomba jambo moja tu: aonyeshwe soko lilipo. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa, akaanza na jibini na samli. Haikuchukua muda mrefu akaoa kwa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende, na Mtume akamwambia afanye walima japo kwa kondoo mmoja.

Mara nyingi tunalisimulia hili kumsifu Abdurrahman kwa kujitegemea. Ni kweli, lakini tusimsahau aliyemuonyesha soko. Mgeni hajui soko liko wapi, bei zake zikoje, nani mwaminifu na nani tapeli. Asiyekuwa na mtu wa kumuonyesha, hata akiwa hodari kama Abdurrahman, atazunguka tu.

*La pili:* Ansari walitaka kuwagawia Muhajirina mitende yao. Mtume hakukubali mitende igawanywe. Wakakubaliana Muhajirina washiriki kazi ya shamba na wapate sehemu ya matunda. Wengine walipewa miti ya kula matunda yake kwa muda, na baada ya Khaybar, mwaka 628, Muhajirina walipopata chao waliirudisha ile miti kwa wenyewe. Hata kurithiana kwa ajili ya ule udugu kulikuja kuondolewa, urithi ukarudi kwa ndugu wa damu. Msaada ule ulikuwa na mwisho, na mwisho wake ni mtu kusimama kwa miguu yake.

*La tatu:* wageni waliugua. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kuwa Abu Bakr na Bilal walishikwa na homa Madina, na Bilal alikuwa akitamani mabonde ya kwao Makka. Makka ile ile aliyoteswa! Mtume hakuwaambia, "Shukuruni mmeokoka." Aliomba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Basi mkimbizi akilia kwa ajili ya kijiji alichokikimbia, usimwone hana shukrani.

*La nne:* mgeni naye ana cha kutoa. Salman, mtu aliyetoka Uajemi, aliunganishwa na Abu Dardaa. Alipomtembelea akakuta mwenyeji wake anafunga sunna mfululizo na kusali usiku kucha, mpaka mkewe amesahaulika. Salman akakataa kula mpaka Abu Dardaa ale naye, akamkumbusha kuwa nafsi yake ina haki na watu wa nyumbani kwake wana haki. Habari ikafika kwa Mtume, akasema Salman amesema kweli. Mgeni alimfundisha mwenyeji, na mwenyeji akakubali kufundishwa.

Ndiyo maana katika Suratul Hashri, aya ya 9, Ansari wanasifiwa kwa kuwapenda waliohamia kwao na kutowaonea kinyongo kwa walichopewa, na kwa kuwatanguliza wenzao ingawa wenyewe wana uhitaji. Zingatia hapo kwenye kinyongo. Hapa kwetu mara ngapi tumesikia, "Hawa wanaletewa kila kitu, sisi tulipokuja nani alitupa?"

*Wageni wetu ni nani*

Kwenye safu zetu kuna ndugu wa Kongo, wa Burundi, na ndugu tunaowaita Wabantu wa Somalia. Historia ya hawa wa mwisho tuijue. Mababu zao wengi walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakapelekwa Somalia, na wengi wakaishia kando ya mto Juba. Vita vya 1991 vikawatoa huko, wakakimbilia Kenya, kambi za Dadaab na Kakuma. Kuanzia mwaka 2003 zaidi ya elfu kumi walipokelewa Marekani. Wengine walirudi kwenye ardhi ya mababu zao, wakapewa makazi Chogo, Handeni, mkoani Tanga, na serikali ya Tanzania ikawapa uraia. Ukisikia wazee wanaongea Kizigua msikitini kwetu, ujue lugha hiyo imevuka bahari na vita na haijafa.

Tangu Januari 2025 serikali ya Marekani imesimamisha mpango wa kawaida wa kupokea wakimbizi. Wapo humu wenye mke, mama au mtoto aliyebaki kambini akisubiri. Usimuulize mtu kwa udadisi, "Wako watakuja lini?" Muombee dua, umwalike futari.

*Soko la leo liko wapi?*

Mkimbizi anapofika, shirika lililompokea humsaidia zaidi katika siku 90 za mwanzo: nyumba, shule ya watoto, daktari. Baada ya hapo msaada unapungua sana, na hapo ndipo msikiti unapohitajika. Hebu tuone mambo matano.

*1. Barua.* Kwetu jambo zito lilikuja na mjumbe au kwa simu. Hapa linakuja kwa posta, kwa Kiingereza, na lina tarehe. Mfundishe ndugu yako asitupe bahasha yoyote ya serikali, ya shule au ya mwenye nyumba. Kama hajui kusoma, aziweke zote kwenye mfuko mmoja aje nazo.

*2. Mkalimani.* Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Aombe wa Kiswahili, au wa lugha yake. Tusimfanye mtoto wa miaka 10 kuwa mkalimani wa ugonjwa wa mama yake. Kuna maneno mama hawezi kuyasema mbele ya mwanawe, na kuna habari mtoto hapaswi kuwa wa kwanza kuzisikia.

*3. Karatasi za uhamiaji.* Mkimbizi akihama nyumba anatakiwa kuwaarifu uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10. Baada ya mwaka mmoja anatakiwa kuomba grini kadi. Akiipata, miaka 5 ya kuomba uraia huhesabiwa kuanzia siku aliyoingia nchini, si siku aliyopata kadi. Lakini tuogope kujifanya mawakili! Kumsomea mtu barua ni sadaka, ila kumshauri kisheria waachie wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa. Tiki moja mahali pasipostahili inaweza kumsumbua mtu miaka.

*4. Deni la tiketi.* Wakimbizi wengi walisafirishwa kwa mkopo kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Ndugu wengi wanaogopa kuwa ni riba, wengine wanadhani ni zawadi. Si hili wala si lile. Ni deni lisilo na riba, na ni haki ya watu kulipwa. Aliyezidiwa asijifiche, awasiliane nao mapema. Na wenye kutoa zaka, kumbukeni kuwa katika watu wanane waliotajwa Suratu Tawba, aya ya 60, wamo mafukara, masikini na wenye madeni. Waulizeni masheikh wetu nani anastahili. Ila muwe waangalifu na mikopo ya magari. Usimwambie mgeni "saini tu hapa" kwenye karatasi yenye riba asiyoielewa.

*5. Kazi na usafiri.* Mji wetu una maghala mengi, na kazi za usiku zipo. Lakini ghala liko mbali, na zamu inaisha saa ambayo basi halipiti. Ndugu anakosa kazi si kwa uvivu, ni kwa kukosa lifti ya wiki tatu mpaka apate leseni. Mwenye gari anayepita njia hiyo hiyo, hapo ndipo alipo Abdurrahman wako anauliza soko.

*Tusiharibu sadaka yetu*

Usimpige picha mama anapokea mchele ukairusha kwenye magrupu. Usimpe mtu nguo ambazo wewe mwenyewe usingevaa. Usimfanye mzee aliyelima ekari zake miaka arobaini ajione mjinga kwa sababu hajui kuwasha jiko la umeme. Muonyeshe mara moja, mara mbili, hata mara ya kumi, kwa upole. Kisha muulize yeye: mvua ikichelewa mlikuwa mnapanda nini? Utashangaa atakavyokufundisha.

*Kazi ya leo*

Kuanzia leo, inshaallah, kutakuwa na *meza ya barua* karibu na maktaba, nusu saa *kabla* ya Isha. Nimesema kabla, si baada, na sasa mnajua kwa nini. Tunahitaji vijana wanaosoma Kiingereza vizuri na wanaojua kutunza siri za watu. Upande wa akina mama, kina dada wajitokeze, maana si kila barua mama ataitoa kwa mwanamume.

Na kila familia iliyokaa hapa zaidi ya miaka mitano tunaiomba ijichukulie familia moja mpya. Si kuilisha. Ni kuijua kwa majina, kuitembelea, na kuwa namba ya kwanza ya kupigiwa simu.

Kabla hujafuturu leo jiulize: ni nani aliyenionyesha soko nilipofika? Na mimi nimemuonyesha nani?

Yule mama, kama mnataka kujua, alijaza fomu upya tukiwa pamoja naye, na kadi ikarudi baada ya Idi. Nilimuomba msamaha. Akaniambia, "Maalim, nilijua una watu wengi." Neno hilo lilinichoma kuliko angenigombeza. Leo binti yake mkubwa ndiye wa kwanza kujiandikisha kusoma barua kwenye meza ile.

Ewe Mola wetu, wapendezeshee ndugu zetu mji huu, wakutanishe na watu wao waliobaki nyuma, walipie madeni yao, na utusamehe dakika tulizowanyima. Pokea funga zetu na zao. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na mwenzako. Darsa ya kesho inshaallah baada ya Alfajiri. 🌙