Nahodha Gilmore

Howard Gilmore, mtu wa Marekani, alizaliwa mwaka 1902. Alianza kazi akiwa baharia mdogo, kisha akashinda mtihani wa chuo cha maofisa. Mwaka 1942 alipewa manowari izamayo chini ya bahari, jina lake Growler.

Usiku wa Februari 7, 1943, katika Bahari ya Pasifiki, Growler iligongana na meli ya Wajapani. Risasi zikamiminika, watu wawili waliokuwa juu wakafa, naye nahodha akajeruhiwa. Akawaamuru waliobaki washuke ndani. Mwenyewe hakuweza kushuka, na kumngoja kungewaangamiza wote. Basi akaamuru manowari izamishwe. Msaidizi wake akasita kidogo, kisha akatii.

Growler ilifika Brisbane, imepondeka. Nahodha hakuonekana tena.

Yafikirini haya, wanafunzi: ni nani aliyekuwa na amri ngumu zaidi, aliyeitoa au aliyeitii?