Kikundi cha Ruiru Kianzie Wapi?

SWALI: Sisi ni wapangaji wa Ruiru na Thika. Tunataka mradi usio wa faida utakaowawezesha majirani kumiliki nyumba. Tuanzie wapi?

JIBU: Kikundi kianze na daftari la akiba, si ramani ya nyumba. Muungano wa Wanavijiji, harakati ya wakazi wa mitaa ya mabanda iliyoanza 1996, ulijengwa kwa senti za wanachama, na baadaye ukazaa mfuko wa Akiba Mashinani unaowakopesha.

Kisheria, chama cha ushirika huhitaji watu 10 tu. Kikishasajiliwa, kinaweza kujiunga na NACHU, muungano wa vyama vya ushirika vya nyumba ulioundwa 1979.

Kazi ngumu ni ardhi. Tangu upanuzi wa barabara kuu ya Thika ukamilike 2012, mashamba ya kahawa ya Ruiru yamekatwakatwa kuwa ploti za futi 50 kwa 100, na bei haishikiki. Matapeli nao hawalali: ploti moja huweza kuuziwa watu watatu. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, wanachama wafanye upekuzi rasmi kwenye masjala ya ardhi na wampeleke mpimaji aliyesajiliwa akakague mipaka. Shamba likiwa bado la kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba utiwe saini; bila idhini hiyo, mauzo ni batili.

Nyumba zenyewe? Chumba kimoja kwanza, kwenye msingi unaoruhusu vingine kuongezwa. Wakopaji wengi wa Thika watalimudu hilo kuliko vyumba vitatu kwa mpigo.