SOMO: PICHA ILIYOSHUHUDIA

Someni kwanza Mithali 31:8-9.

Alice Seeley Harris alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Mwaka 1898 yeye na mumewe John walikwenda Kongo kama wamisionari, naye akafundisha watoto. Nchi hiyo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wanakijiji walilazimishwa kuleta utomvu wa mpira, waliopungukiwa waliteswa.

Mwezi Mei 1904, baba mmoja, Nsala, alifika misheni ya Baringa na kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mama Alice alimpiga picha akivitazama. Picha hizo zilionyeshwa katika mikutano mingi Uingereza na Marekani, na kukanusha kukawa kugumu. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo. Mateso hayakwisha siku moja, lakini siri ilikuwa imefichuka.

Mama Alice alifariki mwaka 1970, akiwa na miaka 100.

Maswali ya kuzungumza:
1. Ni nani katika mtaa wetu anayeonewa, wala hana msemaji?
2. Tukiona uonevu, ni nini hutufanya tunyamaze?