Kutu Inavyoshika Diski ya Breki, na Namna ya Kuiachisha

Gari kuukuu limeinuliwa kwa jeki, likaegemezwa juu ya stendi imara za chuma, na gurudumu la mbele limetolewa. Fundi amekwisha kuifungua kalipa, yaani kile kishikizo kinachobana pedi za breki, akaitundika kwa waya ili uzito wake usivute mpira wa mafuta ya breki. Skrubu ndogo ya kushikilia diski, ikiwa ilikuwapo, nayo imeondolewa. Hakuna tena bolti wala nati iliyobaki, lakini diski hata ikivutwa kwa mikono miwili haitikisiki. Ni kitu gani basi kinachoishika?

Kinachoishika ni kutu. Diski ya breki hufanywa kwa chuma cha kusubu, na tundu lake la katikati huvikwa kwenye kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu. Baina ya diski na habu pana uwazi mdogo sana. Maji ya mvua hupenya humo na kukawia kukauka. Mwanafunzi wa kemia ataitambua hapa seli ndogo ya umeme. Mahali pamoja chuma hupoteza elektroni, Fe → Fe²⁺ + 2e⁻. Mahali pengine oksijeni na maji huzipokea, O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na ndiyo sababu gari la Tanga au Mombasa hushikwa na kutu upesi kuliko gari la Dodoma.

Hebu tupige hesabu. Gramu 56 za chuma zina ujazo wa sm³ 7 hivi. Chuma hicho kikigeuka kutu ya aina ya FeOOH, huwa gramu 89 zenye ujazo wa sm³ 21 hivi, yaani karibu mara tatu. Kitu kinachoongezeka kiasi hicho mahali pasipo na nafasi hugeuka kabari.

Wengi hukimbilia nyundo. Chuma cha kusubu kina vipande vyembamba vya grafiti ndani yake. Huvumilia sana kikandamizwapo, lakini hupasuka kivutwapo au kigongwapo ukingoni. Tena pigo hupita hadi kwenye beringi na kutia vishimo katika njia za gololi. Nyundo ina kazi yake, lakini ni ndogo: kugonga kwa kiasi sehemu ya katikati, baina ya bolti za gurudumu, ili kutu, ambayo nayo ni dhaifu, iingie nyufa. Mafuta mepesi yatafuata nyufa hizo kama utambi uvutavyo mafuta ya taa. Yaachwe usiku mzima, na yasiguse uso wa diski unaobanwa na pedi.

Njia iliyo bora imo katika diski yenyewe. Katika magari mengi ya Kijapani diski ina matundu mawili yenye hesi, ambayo watu wengi huyaona bila kujua kazi yake. Bolti ya milimita 8 ikikazwa humo, ncha yake huisukuma habu, nayo diski hurudi nje. Tuseme spana ina urefu wa sm 20 na mkono unasukuma kwa kani ya nyutoni 100. Katika mzunguko mmoja mkono husafiri 2 × 3.14 × 20, yaani sm 126 hivi, na bolti husogea mm 1.25 tu. Uwiano ni kama 1,000 kwa 1. Pasingekuwa na msuguano, kani ingefika nyutoni 100,000, sawa na uzito wa tani 10! Kwa kweli msuguano hula sehemu kubwa, na hubaki kama nyutoni 12,000. Hata hiyo ni zaidi ya uzito wa tani moja, na bolti ziko mbili. Zikazwe kwa zamu, robo mzunguko kila moja, ili diski isikwame kwa kuinama. Zikigoma, usirefushe spana kwa bomba, maana bolti itakatika. Igonge diski kidogo, kisha ujaribu tena.

Moto ni wa mwisho. Tundu la mm 60 likipashwa moto kwa nyuzi 100 za Selsiasi hupanuka 60 × 0.000011 × 100, yaani mm 0.066. Hiyo yatosha kuvunja kutu, lakini ni pale tu diski iwapo na joto kuliko habu. Zikipata joto pamoja hupanuka pamoja. Grisi ya beringi huharibika, na mafuta yaliyopakwa huweza kuwaka.

Vumbi lisipulizwe, kwa kuwa pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huleta saratani. Lipanguswe kwa kitambaa kibichi.

Diski ikishatoka, uso wa habu usuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Gamba la kutu lenye unene wa mm 0.1 likibaki ukingoni mwa habu yenye kipenyo cha mm 140, diski ya mm 240 itayumba 0.1 × 240 ÷ 140, yaani mm 0.17. Watengenezaji wengi huruhusu mm 0.1 au pungufu, na dereva ataihisi tofauti hiyo mguuni kila akanyagapo breki.