Funga au Fungua? Kiswahili katika Miwani ya Uhalisia Pepe

Utangulizi

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mjadala wa Kiswahili na kompyuta umeegemea mara nyingi suala hilo la istilahi: kitu gani kiitwe nini. Makala hii inashikilia kwamba istilahi sahihi pekee haitoshi. Katika uhalisia pepe, yaani mazingira yaliyoundwa na kompyuta na kutazamwa kupitia miwani inayoziba macho yote mawili, neno linalofaa kitabuni laweza kumchosha au kumpotosha mtumiaji.

Mfano wa Lindi

Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, katika mradi wa Map Kibera, walizunguka vijiji vya mtaa wao wakiwa na vipokezi vya GPS, wakaziingiza njia, vyoo, shule na zahanati katika ramani ya OpenStreetMap. Kabla ya hapo Kibera ilikuwa karibu eneo tupu katika ramani zilizopatikana kwa umma. Tuchukulie kwamba mwanafunzi wa kijiji cha Lindi, mtaani humo, anataka kuzitazama njia hizo kwa miwani. Pengine atatumia kifaa cha bei nafuu: boksi la karatasi ngumu lenye lenzi mbili na simu ndani, muundo ambao Google iliutambulisha mwaka 2014. Je, menyu atakayoiona iandikwe vipi?

Mwili wa mtumiaji

Kwanza ni shingo. Wabunifu huchukulia kwamba kichwa hugeuka bila taabu kiasi cha nyuzi 30 kila upande; kitufe kilicho mbali zaidi ya hapo huchosha. Pili ni macho. Menyu ikionekana kuwa karibu mno, chini ya nusu mita, macho hulazimika kukutana karibu ilhali lenzi zimewekwa kwa umbali mmoja usiobadilika. Tatu ni sikio la ndani, lenye kutunza mizani ya mwili. Picha ikikimbia ilhali mwili umetulia, kichefuchefu hufuata. Kwa hiyo maneno yawe machache, makubwa na yaliyotulia.

Mwili wa neno

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Kauli ya kutendua hugeuza maana kwa sauti moja tu: funga na fungua, ziba na zibua, vaa na vua. Kitabuni muktadha humwongoza msomaji. Ndani ya miwani, kioo cha simu hukuzwa na lenzi hadi nukta zake huonekana, na herufi za pembeni hufifia. Ile u ikipotea, aliyetaka kufungua ramani ya Lindi huifunga. Aidha, katika vifaa hivi mtumiaji mara nyingi huchagua kwa kukikazia macho kitufe, hivyo kosa hutendeka kabla hajalitambua.

Yapo masuluhisho matatu. Kwanza, tuchague jozi zisizofanana kimaandishi: ingia na toka, washa na zima. Pili, vitufe vyenye maana kinzani vitenganishwe na kupewa alama tofauti. Tatu, tutumie sauti. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo katika funga mkazo uko kwenye fu, na katika fungua umehamia ngu. Tofauti ambayo jicho huikosa, sikio huinasa.

Huenda ikasemwa kwamba alama pekee zatosha. La hasha, alama nazo hufunzwa, na anayevaa miwani kwa mara ya kwanza hutegemea neno analolijua.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba kazi hii haiwezi kuachiwa mhandisi peke yake. Mwanafunzi wa mofolojia na fonolojia anayo nafasi yake, nayo ni kuyapima maneno mahali yatakaposomwa kabla ya kuyaidhinisha.

Zoezi

1. Taja jozi nyingine tano za kutendua zinazoweza kuchanganywa katika menyu.
2. Je, mkazo unasaidia kutofautisha vaa na vua? Eleza.