Kusahihisha na Kubatilisha Makala za Kitabibu

Kosa dogo katika makala ya kisayansi, kama vile tarakimu iliyokosewa, hurekebishwa kwa tangazo la masahihisho. Matokeo yasipoaminika tena, au udanganyifu ukithibitika, mhariri huibatilisha makala nzima. Mwaka 1998, jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyozua shaka kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huenda ikasababisha usonji. Ilibatilishwa mwaka 2010. Katika miaka hiyo 12, wazazi wengi nchini humo waliikwepa chanjo, na surua ikaenea upya. Makala iliyobatilishwa haifutwi, bali hubaki kumbukumbuni ikiwa na alama ya kubatilishwa. Yampasa tabibu kuitafuta alama hiyo kabla ya kuitegemea makala yoyote.